Nilisema "Natoka Huko", Kumbe Sikuwa Nimefika

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na lingine nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Ndugu msomaji, wewe hunijui, na pengine ndiyo maana naweza kukuambia. Mimi ni kijana niliyemaliza chuo mwaka jana. Nilisomea utalii. Ni mtu wa kufikiria sana. Nikitaka kumpigia mtu simu, kwanza naandika kwenye karatasi nitakayosema. Nikisalimiwa asubuhi, hadi jioni bado najiuliza kama nilijibu vizuri. Marafiki hucheka. Mimi nilidhani tabia hiyo ni ya busara. Lo! Haikuwa busara hata kidogo.

Aliyenilea ni shangazi yangu, dada wa baba. Kwetu tunamwita Tantine. Tulikuwa tunaishi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kisha tukarudi Rwanda nikiwa darasa la tatu, tukakaa Mururu, kwenye kilima kinachotazama upande tuliotoka. Nyumbani tuliendelea kusema Kiswahili chetu cha Bukavu. Kinyarwanda nilikijifunza shuleni, cha kufaulu mtihani. Tantine alilima maharage na mihogo, na kwa maharage hayo nikasoma hadi nikavaa joho.

Baada ya miezi ya kutafuta kazi, nilipokelewa kwa majaribio kwenye boti inayotembeza wageni Ziwa Kivu. Tunatoka Rubavu, tunalala Karongi, kesho yake tunafika Rusizi. Hapo wageni wanashuka kwa muda wa saa nne. Wanaona mahali ziwa linapogeuka kuwa mto, wanatazama daraja la mpaka na Bukavu ng'ambo, wanakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, wanapanda tena. Safari yangu ya kwanza ingeamua kama nitaajiriwa au la.

Wiki moja kabla nilimtumia ujumbe jirani yetu wa Mururu, mzee mmoja mwema, kwa sababu Tantine hakuwa na simu. Niliandika: "Mwambie Ijumaa naingia na boti. Nitapanda kumsalimia." Alijibu kwamba Tantine amefurahi, ila ana homa kidogo na kifua kinambana.

Ijumaa ile, tunakaribia Rusizi, simu ikalia. Ni ujumbe wa yule mzee. Yeye huandika Kinyarwanda, na huandika kwa ubahili, kana kwamba maneno yanatoka mfukoni mwake. Maneno yalikuwa manne: "Tantine ejo mu bitaro." Tantine, ejo, hospitalini.

Sasa nikuambie kuhusu neno hilo. Kwa Kinyarwanda, ejo ni jana. Na ejo hiyo hiyo ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ni ipi, na mzee hakuweka kitenzi.

Kama ni jana, basi Tantine amelazwa, na hali ni mbaya, maana si mtu wa kwenda hospitali kwa homa ndogo. Kama ni kesho, basi leo yuko nyumbani, anangoja kwenda kupimwa tu.

Kumpigia mzee ingechukua nusu dakika! Nusu dakika! Nilishika simu, nikaanza kufikiria. Nikipiga akasema jana, itanibidi niombe ruhusa. Nikiomba ruhusa safari ya kwanza, watasema huyu ana matatizo ya nyumbani. Nikikataliwa, nitakuwa nimejua na sikwenda, jambo ambalo ni baya kuliko kutojua. Basi nikaamua ni kesho. Nasema niliamua, kwa sababu sikuwa na sababu nyingine ya kuamini hivyo isipokuwa ilinifaa.

Tukatia nanga. Mkuu wetu, mama mmoja tunayemwita Chef, akanisogelea akiwa na orodha ya wageni.

"Wewe si mtoto wa huku?"

"Ndiyo, Chef."

"Una watu wa kusalimia? Chukua pikipiki, uende. Nitawashika wageni mimi mwenyewe. Saa saba na nusu uwe hapa."

Nani mwingine amewahi kufunguliwa mlango namna hiyo? Lakini kichwa changu kikanong'ona: anakupima. Anataka kuona kama unaweka kazi mbele.

Nikasema, "Hapana, Chef. Sina mtu huku."

Akanitazama kidogo. "Haya. Mimi ningekuwa wewe, ningetafuta hata wa kumsalimia bure."

Akaenda zake. Hakuwa ananipima. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila kijana wa boti hupewa ruhusa hiyo akifika kwao.

Niliwatembeza wageni. Nilieleza kuhusu mto, nilieleza kuhusu daraja, wakapiga picha. Karibu saa sita na nusu tulikuwa tumekaa wanakula sambaza, si mbali na mpaka, pale wafanyabiashara wanapopita na mizigo yao kichwani. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua tangu utoto.

"Weye! Iko weye? Mama yangu! Muone vile anapendeza, utasema ni waziri!"

Alikuwa Maman Furaha, rafiki wa Tantine wa toka Bukavu. Huvuka mpaka karibu kila siku, anauza vitenge upande huu. Mkononi alikuwa na termosi. Wageni wakageuka. Mmoja akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikajibu, "Ni mfanyabiashara wa hapa." Hilo nalo nalikiri.

Maman Furaha hakusikia. Akauliza, "Umeshafika kwa Tantine?"

Ningesema bado. Lakini ningesema bado, angeniburuta kwa mkono mbele ya wageni wote, na Chef alikuwa meza ya pili, yule niliyemwambia sina mtu.

"Ndiyo, Maman. Natoka huko."

"Aksanti Mungu! Na leo utabakia naye?"

"Nitabakia."

"Haya basi, kama garde-malade amepatikana, miye nivuke mapema. Batoto bangu banalalamika hawanionake. Umupe hii uji, anywe polepole, kifua iko inamusumbua." Akaniwekea termosi mkononi, akanipiga begani. "Tantine amezaa bila kuzaa, wallahi. Kijana namna hii!"

Garde-malade. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Ni yule anayekaa na mgonjwa hospitalini, anamlisha, anamgeuza, anaita muuguzi. Mgonjwa wa nyumbani hahitaji garde-malade. Neno lilipita masikioni mwangu, na mimi ninayepima kila neno mara kumi, hilo nililiacha lipite. Hapana, nisiseme uongo tena. Nilisikia. Nilisimama na ile termosi, ya moto bado, nikajua kabisa ejo ilikuwa jana.

Nilikuwa na saa nzima. Kwa pikipiki, hospitali ni robo saa.

Nilianza kupanga jinsi ya kumweleza Chef. Nimpe sababu gani? Niseme nimekumbuka? Niseme nimepata habari sasa hivi? Nikatunga sentensi ya kwanza, nikaifuta kichwani, nikatunga nyingine. Mgeni akaomba chumvi. Mwingine akauliza choo kiko wapi. Nilipoinua macho, Chef alikuwa anahesabu watu tupande.

Boti ilipiga honi, tukaondoka. Termosi niliiweka chini ya benchi. Baharia mmoja akaifungua, akanusa, akaniuliza ni ya nani. Nikasema ya yeyote. Wakamimina uji wa Tantine kwenye vikombe, wakanywa, wakasifu.

Jioni hiyo, saa kumi na moja, Tantine alifariki.

Mzee alinipigia kesho yake asubuhi. Safari hii alitumia vitenzi vyote.

Nilifika Mururu Jumamosi jioni, kilio kimeshaanza. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Niliyoyasikia kwao bado sijaweza kuyasahau.

"Yule maman wa Bukavu alimwacha mgonjwa peke yake, akavuka!"

"Si alikuwa ameahidi kushinda naye?"

"Biashara, mama. Biashara ina nguvu kuliko urafiki."

Maman Furaha alikuwa nyuma ya nyumba, anachagua maharage. Hakujitetea. Alidhani mimi nilikaa na Tantine hadi boti iliponiita, na hakutaka watu waseme kijana alimwacha mlezi wake akafuata wageni. Ananificha mimi! Akaniuliza taratibu, "Alikunywa ule uji?"

Unajua nilijibu nini? "Alikunywa kidogo, Maman."

Akafumba macho. "Merci. Njo kitu nilikuwa nataka kusikia."

Kisha akanieleza aliyoyasikia kwa mama wa kitanda cha jirani, aliyeruhusiwa kurudi kwake mchana ule ule. Tantine tangu asubuhi alikuwa anasema leo boti inaingia. Kila mlango ukifunguka anainua kichwa. Mchana honi ikalia kutoka ziwani, naye akamwambia jirani yake, "Sikia, amefika. Munipangie kilemba." Wakamfunga kilemba vizuri. Ilikuwa honi ya kuondoka; tulipofika hatukupiga.

Maman Furaha alinieleza hayo kunifariji. Alidhani nilimkuta na kile kilemba.

Nilinyamaza. Tulizika, nikanyamaza. Niliajiriwa, nikanyamaza. Miezi mitano imepita. Nikasikia kwamba akina mama wa Mururu hawanunui tena vitenge vyake, na wakimwona njiani wanageuza uso. Yeye bado hajasema neno.

Wiki iliyopita boti ilitia nanga Rusizi. Sikufikiria. Niliomba ruhusa kwa sentensi moja, Chef akakubali kabla sijaimaliza. Nikamkuta Maman Furaha karibu na mpaka, anafungasha mzigo. Nikamwambia yote: kwamba sikufika, kwamba uji walikunywa mabaharia, kwamba kilemba sikukiona.

Alikaa juu ya mzigo wake. Nilitarajia kofi. Nilitarajia pia, Mungu anisamehe, kukumbatiwa.

"Kwa hiyo alikuwa peke yake," akasema.

"Ndiyo, Maman."

"Na miye nilikuwa daraja ile, niko nacheka na badouanier ba forodha."

Alilia pale pale, watu wakipita. Nikataka kumshika bega, akausogeza mkono wangu.

"Unaniungamia miye juu ya nini? Juu miye niko mupole? Bale bamama ba Mururu njo banapashwa kusikia. Uende usimame pale kanisani, useme na kinywa yako. Kiisha urudi, tutaona kama nitakusamehe. Leo siwezi."

Akajitwika mzigo, akavuka.

Jumapili hii ndiyo nitasimama. Nimeandika haya kwanza bila jina, na najua maana yake: nimezoea kufanya majaribio kwenye karatasi. Kwenu ninyi imekuwa rahisi kwa sababu hamnijui. Pale mbele watakuwa watu wanaonijua tangu darasa la tatu.

Ndugu zangu vijana, nisikilizeni. Ukipata habari ya mgonjwa yenye maana mbili, usichague ile inayokuacha ukae. Piga simu. Ukipewa ruhusa, chukua, hata kama ni mtego. Mtego wa kazi hauui. Na ukimwambia mtu kwamba uko na mgonjwa, jua kwamba mtu huyo ataweka chini alichobeba na kurudi nyumbani, kwa sababu amekuamini.