Rangi ya Kucha ya Profesa Solda

Mume wangu, Zedekiah Omollo, alistaafu mwaka wa 2003 baada ya miaka ishirini na sita ya kutengeneza redio na televisheni katika karakana ya duka moja la katikati ya mji. Nilidhani atapumzika. Nilidhani hata atanitengenezea pasi yangu, iliyokuwa imekufa tangu Krismasi. Badala yake akagundua intaneti.

Basi kila asubuhi, saa tatu kamili, mzee wa miaka sitini na moja anang'arisha viatu, anafunga tai, anatoka kwetu Mountain View na kuvuka kwenda saiba ya Kangemi, kule wanakokodisha kompyuta. Tai! Mtu anaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki na kubonyeza herufi kwa kidole kimoja, naye amefunga tai. Huko kwenye intaneti kulikuwa na baraza la mafundi wa vyombo vya umeme, wanaume wa Nairobi, wa Nakuru, na wengine waliokuwa ng'ambo, wakiandikiana kuhusu redio zilizokufa. Mmoja anaeleza ugonjwa wa redio yake, wenzake wanamwambia aanze kupima wapi. Si jambo baya. Lakini Zedekiah hakwenda kusaidia mtu, alikwenda kutukana.

Alijiita Profesa Solda. Solda ni ile risasi ya kuyeyusha inayounganisha nyaya, na profesa ni yeye. Mtu akiuliza swali kabla hajapima umeme, Profesa anamwambia arudi kwao akalime. Akipima vibaya, anaambiwa yeye si fundi, ni mchukuzi wa bisibisi. Matusi yaliyomfurahisha zaidi aliyachapisha kwenye karatasi na kuniletea nyumbani. Mimi niko kwenye cherehani nashona sare za shule, yeye amesimama mlangoni ananisomea jinsi alivyomfedhehesha mtu ambaye hata jina lake halijui.

Mimi pia ni fundi, ingawa neno hilo halimtoki akinitaja. Kwake mimi "nashonashona". Lakini nguo mteja anaigeuza ndani nje hapo hapo mbele yako, akaona kila uzi ulioukimbiza. Redio ina mfuniko, na chini ya mfuniko fundi anaweza kuficha mengi.

Kitu alichojivunia kuliko vyote ni orodha ya Wasiofaa. Aliibuni mwenyewe. Fundi akikutwa ameharibu kazi, jina lake na mahali kibanda chake kilipo vinawekwa juu kabisa ya baraza, ili kila mwenye redio mbovu aone. Kosa kubwa kupita yote lilikuwa kuweka waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ni uzi mwembamba unaokatika umeme ukizidi, redio inakufa na nyumba inapona. Fundi mvivu akikosa fyuzi huchomeka kipande cha waya, redio ikaimba, na mwenye nayo akalala na moto chumbani bila kujua. "Huyo si fundi," aliandika Profesa, "ni mchoma nyumba aliyechelewa." Walimpigia makofi wiki nzima.

Mtu mmoja wa Kawangware aliyeingizwa kwenye orodha hiyo alifunga kibanda baada ya miezi miwili. Siku Zedekiah alipopata habari hiyo alikula ugali mara mbili.

Mwaka wa 2006 wanabaraza wakaamua kukutana ana kwa ana. Katibu wao, Mungai, mwanamume mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati, alikodi chumba katika mkahawa wa orofani karibu na barabara ya Luthuli. Kila mtu aje na chombo kilichotengenezwa kwa aibu, Profesa akifungue mbele ya watu na kutoa hukumu. Zedekiah akasisitiza niende naye. Alitaka nione anavyoheshimiwa.

Nikaona. Wanaume kumi na saba wakasimama alipoingia. Watu wenye wake na mvi, wanagombania kumvutia kiti mtu aliyewaita mbumbumbu kwa miaka mitatu! Akaketi, akatoa bisibisi zake kwenye kitambaa, akaanza. Alifungua televisheni moja, akaiponda. Akafungua kinasa sauti, akakiponda. Wakacheka hadi chai ikamwagika.

Halafu akasimama Debra, msichana anayefanya kazi katika ofisi moja Upper Hill na kulisoma baraza kutoka huko, mwanamke pekee chumbani ukiniacha mimi. Alikuwa na redio kubwa ya mbao ya zamani.

"Hii ni ya babangu, Gerishon," akasema. "Juzi aliiwasha ikaanza kutoa moshi. Karibu ichome curtain, na yeye hatembei vizuri. Nataka tu aliyeitengeneza ajulikane."

Akaigeuza, mgongo ukaelekea kwa Zedekiah. Nikaona mkono wake ukisimama hewani.

Skrubu zote nne zilikuwa zimetiwa rangi ya kucha. Mafundi wa enzi zao walikuwa na desturi hiyo: ukimaliza kazi unatia tone la rangi juu ya skrubu, ili redio ikirudi ujue kama kuna mwingine aliyeifungua. Kila mmoja na rangi yake. Hii ilikuwa ya chungwa, yenye vimetameta. Dada yangu aliniletea chupa hiyo kutoka Kampala mwaka wa 1990. Niliipaka mara moja tu, kwenye harusi ya watu, ikapotea. Nilimfukuza msichana wa kazi kwa ajili yake. Mwaka mzima ukapita kabla sijaiona juu ya redio ambayo Zedekiah alileta nyumbani, naye akacheka, akasema rangi ni rangi. Yule msichana sikumtafuta kumwomba radhi.

Tone lilikuwa zima juu ya kila skrubu. Hakuna aliyekuwa ameifungua baada yake.

"Fungua, Mzee," wakamwambia.

Akafungua. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya, kimepindwa vizuri na kuunganishwa kwa solda safi inayong'aa. Chumba kizima kikaguna.

Debra akatoa risiti ambayo baba yake alikuwa ameihifadhi miaka yote hiyo. Mungai akaisoma kwa sauti. Ilikuwa na jina la duka, mwaka wa 1991, na sahihi ya Ndegwa.

Ndegwa alifanya kazi meza moja na Zedekiah. Alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo risiti zote za karakana aliandika yeye, awe ndiye aliyetengeneza au la. Sasa alikuwa na kibanda chake Dagoretti, na kibanda hicho ndicho kilichowalisha yeye na mkewe Wamucii. Huyo Wamucii ndiye aliyekaa nami hospitalini nilipomzaa Everlyn, wakati Profesa alikuwa kazini akipima volti.

"Ndegwa! Huyo namjua, bado ako na kibanda Dagoretti," Mungai akasema, akifungua daftari la orodha. "Leo leo anaingia. Lakini Mzee, si wewe ulikuwa duka hiyo? Huyu jamaa alikuwa fundi wa aina gani?"

Nikamtazama mume wangu. Nilimpa muda. Nilimpa muda wa kutosha kunywa kikombe kizima, naye akakinywa chote, polepole, macho yake yakiwa kwenye kikombe.

"Alikuwa mtu wa haraka haraka," akasema.

Nimemdharau Zedekiah kwa mambo mengi. Kwa tai, kwa pasi, kwa chupa yangu. Ilikuwa dharau ya nyumbani tu, unaweza kuishi nayo. Lakini neno hilo lilikuwa linakwenda kufunga kibanda cha Ndegwa.

"Baba Everlyn," nikamwambia, "hiyo rangi ni ya nani?"

"Mama Everlyn, haya ni mambo ya mafundi."

"Rangi ni yangu." Nikasimama, nikawaambia yote: chupa ya Kampala, skrubu, na kwamba Ndegwa alifunga redio zake kwa nta ya mshumaa. "Aliyeweka waya huu ndiye huyu mliyemvutia kiti."

Debra akamkazia macho Zedekiah, naye akaanza kuzifunga bisibisi zake kwenye kitambaa. Hakukana.

Nikangoja wamrukie. Hawa ndio waliomfungisha kibanda yule wa Kawangware, hawana huruma hawa. Mungai akakohoa. Akafunga daftari.

"Mathe, hiyo ni kitu ya kitambo," akasema. "Na hizo miaka fyuzi zilikuwa zinapatikana wapi? Mzee alitumia akili tu."

"Ni ukweli," mwingine akadakia. "Hata ukiangalia hiyo solda yake, ni kazi safi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Waya uliokuwa wa mchoma nyumba dakika moja iliyopita sasa ulikuwa ujuzi. Na yule mzee wangu, badala ya kuona haya, akainua uso na kutabasamu kidogo, kama mgonjwa aliyeambiwa anaweza kurudi nyumbani. Nikawaona wote walivyo, kumi na saba na profesa wao, nikashangaa nilivyokuwa nikishona taratibu jioni zote zile aliponisomea, ili cherehani isiyafunike maneno yao.

Nikalichukua daftari mkononi mwa Mungai. Nikachomoa kalamu moja kati ya zile nne. Nikafungua ukurasa wa Wasiofaa.

"Nipe hiyo page ukimaliza," Debra akasema. "Nitapost mimi, kutoka ofisini."

Zedekiah ndipo aliponishika mkono. "Philister," akasema, jina ambalo hajaniita tangu tuoane. "Tafadhali."

Nikautoa mkono wangu. Nikaandika Zedekiah, kwa herufi kubwa. Kisha nikaandika Omollo, polepole zaidi, kwa sababu hilo ni jina langu pia.