Sangara Aliyechoka

Mimi ni fundi wa friji. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikiingia kwenye hoteli za chakula kwa mlango wa nyuma, kuanzia Bukoba mjini mpaka vituo vya barabara ya kwenda Biharamulo, ndiyo maana nikisafiri sili ovyo. Wasafiri wenzangu huona meza yenye kitambaa cha maua na chupa ya pilipili. Mimi huwa nimeshaona yaliyo nyuma ya pazia: beseni moja la kuoshea sahani, maji yaleyale tangu asubuhi, na kitambaa kinachofuta meza, kisha kisu, kisha shingo ya mpishi. Mke wangu hunifungia ebitoke, ndizi zetu za kupika, pamoja na maharage, nikazila kando ya barabara nimekalia pikipiki. Wanaoniona hudhani ni ubahili.

Siku hiyo niliondoka nyumbani Buhembe bila kufungiwa kitu. Mama mmoja mwenye hoteli pale Muleba alinipigia simu alfajiri: friza haigandishi.

"Tangu lini, mama?"

"Jana tu. Njoo waitu, mwanangu, utuokoe."

Mvua ilinikamata Muhutwe, nikajibanza chini ya baraza la duka karibu saa mbili nzima. Nilipofika Muleba ilikuwa mchana na tumbo lilikuwa linanguruma. Yule mama alikuwa mtu mzima, mnene, mcheshi, wa kumwita kila mteja mwanangu. Nilimpa shikamoo, akanishika mkono akanipeleka nyuma. Friza ilikuwa kwenye ujia mwembamba, jikoni upande huu, choo upande ule.

Nikainua mfuniko.

Nimefungua friza nyingi zilizokufa. Harufu ya nyama iliyoharibika naijua kama ninavyoijua harufu ya gesi. Lakini ile ilinisukuma nyuma mpaka nikagonga ukuta. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, juu umetanda utando unaometameta. Vipande vya sangara vilikuwa vinaelea, ngozi imeanza kuachana na nyama. Miguu ya kuku ilikuwa imechomoza kama vidole vya mtu anayezama. Pembeni kulikuwa na mfuko wa senene, wale panzi wa kuliwa, umefunguka, senene wametapakaa kila mahali, wengine wamenasa kwenye mashavu ya vichwa vya samaki.

"Hii ni ya jana?" nikamwuliza mpishi, mwanamke mwembamba aliyekuwa amesimama nyuma yangu na sufuria.

Akatazama mlangoni kwanza. "Jumamosi," akasema kwa sauti ya chini.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilimwambia aitoe mizigo yote ili niivute friza kutoka ukutani. Nyuma yake panya walikuwa wamejenga. Kiota chao cha magamba ya samaki na nyuzi za gunia kilikuwa kimekaa juu ya kompresa, mota ya friza, mahali penye joto, na mmoja wao alikuwa amekufia kwenye waya alioutafuna, amekauka kama kiatu cha mtoto. Nikamtoa kwa koleo. Nikakata waya, nikaunga mwingine, nikabadilisha kifaa kimoja kilichokuwa kimeungua. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kilichonishinda ni kumtazama mpishi.

Alikuwa amemimina samaki wote kwenye beseni. Akawakamulia ndimu, akawamwagia chumvi viganja viwili, akaanza kuwasugua. Maji yakawa meupe mazito. Akayamwaga, akaweka mengine. Kisha kipande kimoja kimoja kikaingia kwenye mafuta meusi, yakapiga kelele, na harufu ya uozo ikachanganyika na ya vitunguu mpaka ukawa huwezi tena kuzitenganisha.

Mwenye hoteli alipopita nikamsimamisha. "Mama, huyu samaki ameoza."

"Hajaoza, mwanangu. Amechoka kidogo tu." Akanigusa bega. "Ndimu na moto vitamwamsha."

Nikanyamaza. Lazima niliseme hilo. Nilikuwa na bisibisi mkononi na ulimi mdomoni, nikatumia bisibisi.

Friza ikaanza kuunguruma. Mama akafurahi, akapiga makofi, akanivuta mpaka ukumbini akanikalisha mezani. Sikuwa nimenawa vizuri, yeye mwenyewe akaja na jagi la maji ya moto. Halafu ikaja sahani: ndizi, na juu yake kipande kikubwa cha sangara kwenye rojo jekundu zito. Kwetu kukataa chakula mbele ya aliyekupikia ni kama kumtemea mate. Nilisogeza samaki ukingoni. Rojo likamfuata, likateremka taratibu kuelekea kwenye ndizi. Nikawahi kula mbili ambazo hazijaguswa.

Wakati huo basi la kwenda Biharamulo lilisimama, abiria wakateremka kula. Mezani kwangu wakakaa mzee mmoja wa koti na mkewe. Mke huyo alikuwa amekonda, kanga ameifunga mara mbili kiunoni. Mzee aliniambia wametoka hospitali Bukoba, wamekaa huko wiki mbili, sasa wanarudi kwao.

"Leo ndiyo mara ya kwanza anataja chakula," akasema akitabasamu. "Amesema ana hamu ya samaki."

Samaki akaletwa. Mzee akavua kofia, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa safari, kwa afya ya mkewe, na kwa chakula hiki na mikono iliyokiandaa. Alipomaliza nikasema amina. Niliitika kabisa, kwa sauti.

Mkewe akamega, akala. Akamega tena.

"Mzee," nikasema, "mngeagiza maharage. Samaki wa leo wana miiba."

Akacheka. "Sangara na miiba wapi na wapi? Mwanangu, mimi nimezaliwa ziwani."

Mwenye hoteli alikuwa kwenye kaunta ananitazama. Nikatazama sahani ya yule mgonjwa. Nusu ya kipande ilikuwa imekwisha. Nikajua kwamba nisiposema nitatapika palepale juu ya kitambaa cha maua.

"Samaki huyu ameoza," nikasema, na nadhani nilisema kwa nguvu, maana ukumbi wote ukageuka. "Amekaa kwenye friza mbovu tangu Jumamosi. Mimi ndiye fundi. Nimemwona kwa macho yangu."

Vijiko vikasimama. Nilitegemea kelele, viti kusukumwa, watu kutoka. Mwanamume mmoja wa tai, meza ya jirani, akainusa sahani yake, akatafakari.

"Lakini ameungwa vizuri," akasema. "Na moto unaua kila kitu." Akaendelea kula. Wengine wawili wakaendelea. Mmoja akaomba pilipili.

Mwenye hoteli hakupandisha sauti. "Wewe ni fundi friji," akaniambia, "si bwana afya. Nimekulisha kwa mkono wangu."

Mzee alikuwa amesukuma sahani zote mbili katikati ya meza. Mkewe akafuta midomo kwa ncha ya kanga. "Nilihisi," akasema polepole. "Nilidhani ni mdomo wangu, kwa sababu ya dawa." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Ulikuwa unajua tangu tulipokaa?"

Nikasema ndiyo.

Nilikwenda nje nikawanunulia ndizi mbivu na maji ya chupa, nikawapelekea kwenye basi, nikachukua namba ya mzee. Jioni ya kesho yake nilimpigia. Alisema mkewe ametapika njia nzima mpaka Biharamulo, usiku akawekewa dripu, ila sasa ameweza kunywa uji. Akanishukuru. Shukrani hiyo ilinichukiza kuliko ile friza.

Samaki sikumgusa miezi mingi. Mke wangu akimkaanga, mimi hutoka uani.

Kabla ya Krismasi yule mama wa Muleba alipiga simu tena. Friza imekufa tena, wageni ni wengi, nani mwingine wa kumtengenezea kama si mimi? Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wamesimama wakisubiri viti, na mwanamume wa tai, au mwingine anayefanana naye, alikuwa analamba vidole. Nikapita kwa mlango wa nyuma. Panya walikuwa wamejenga tena. Mpishi akaniwekea beseni la kunawia, sikumwangalia usoni, wala yeye hakuniangalia. Nilipomaliza, mama akaniletea chai ya rangi kwenye kikombe chenye alama ya midomo ya mtu mwingine ukingoni.

Nikakigeuza upande wa pili, nikainywa.