Ruthu Siyo Zubeda

Alhamisi ile Meza ya Kona ilianza saa tatu kasoro robo usiku, na binti yangu Ruthu alikuwa hajarudi. Ruthu ana miaka ishirini na sita na hachelewi. Saa kumi na mbili na nusu hufungua geti, akavua viatu, akaosha mikono mpaka viwikoni, ndipo akaniamkia. Siku hiyo simu yake haikupatikana tangu saa moja. Nilipiga mara kumi na nne, na yule mwanamke anayesema namba haipatikani nilishamchukia kama jirani mbaya.

Kwenye televisheni, Zubeda alikuwa anamwambia bosi wake mbele ya ofisi nzima kwamba ana mke wa pili Morogoro. Alisema bila kumtazama, huku akihesabu viti. Kile kicheko cha watu wasioonekana kikalipuka. Nikapunguza sauti ili nisikie geti.

Kwa asiyeujua mchezo huo: ni vichekesho vya wafanyakazi wanne wa ofisi moja mjini ambao hakuna anayetaka kula nao, kwa hiyo hula meza ya kona. Zubeda ndiye mkubwa wao. Ana akili nyingi, lakini hajui lini anyamaze. Pembeni yake hukaa Frenki, mwenye kigugumizi, ambaye kila Zubeda akiharibu yeye hutengeneza: "Ana maana kwamba..." Mimi nilikuwa siikosi. Niliishia darasa la saba na sina mtu wa kumuuliza kuhusu mwanangu, basi nilimtazama Zubeda nikitafuta majibu. Nilitaka kuona kama Frenki atamwoa.

Ruthu wangu amekuwa hivyo tangu mdogo. Darasa la nne alimwambia mwalimu kwamba hesabu ya ubaoni ameikosea, akachapwa, na kesho yake akamwambia tena, kwa kuwa hesabu ilikuwa bado ipo ubaoni. Baba yake alikuwa ameshafariki, nikaenda shuleni peke yangu kuomba radhi. Alipokua akaajiriwa duka la vitenge. Hakumaliza wiki tatu: mteja alimuuliza kama bei hiyo ni nzuri, akamjibu duka la pili ni nafuu. Nimetembea nyuma ya huyu mtoto nikifuta maneno yake kama anayefuta matope ya mgeni sebuleni.

Mahali pekee alipodumu ni Majengo, kwenye ghala la nafaka la Mwanasha. Huko hushika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia, akavuta punje chache kutoka katikati, akazinusa, akaziuma. Kisha husema: hii ina mchanga, hii imenyeshewa, hii sawa. Hajali gunia ni la nani. Siku moja Mwanasha aliniambia, "Mama Ruthu, wengine wote hapa nawalipa wanidanganye kwa adabu. Huyu niachie."

Mchezo alioupenda Ruthu mwenyewe ni ule wa Jumanne, Wapangaji wa Uani. Nao ni wa watu waliotengwa, ila hawa ni maskini: wapangaji wa vyumba vya nyuma ya nyumba kubwa, na mwenye nyumba kule mbele hawasalimii. Yupo Bi Sijaona, aliyeachwa na waume watatu na watu husema ana mkosi, na yupo Kasubi, fundi wa reli aliyestaafu. Kasubi ni mtani wake na humtukana kuanzia asubuhi. Mimi mchezo huo uliniudhi. Nilimwambia Ruthu, "Angalau Frenki anamtetea mwenzake. Huyu mzee anamtukana mwanamke kutwa."

"Frenki anamhurumia," Ruthu alisema. "Kasubi anampenda."

"Mapenzi gani hayo ya matusi?"

"Sijaona alipougua, Kasubi alimsukuma kwenye toroli mpaka zahanati. Na anajua chai yake haitiwi tangawizi. Frenki hajui Zubeda anakunywa nini. Miaka miwili wanakaa meza moja."

Nilimwambia anatazama vitu vidogo mno. Akaniuliza kama nimewahi kuona kwamba kwenye Wapangaji hakuna kile kicheko cha mashine. Wanaocheka ni wao wenyewe wa uani. Kwenye Meza ya Kona wale wanne hawacheki hata siku moja. Sikuwa nimeona. Mimi ninayeona mpaka mgeni wa jirani ameingia na mfuko wa rangi gani.

Sasa niseme la Jumamosi, maana ndilo lililoniweka macho usiku ule.

Jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu. Baada ya sala jirani yangu Edina akatoa karanga za kukaanga alizoleta kwa sinia, akizisifu. Ruthu akapita, akachukua punje tatu, akazipasua, akanusa.

"Hizi zina ukungu," akasema. "Zina sumu. Msile."

Aliliambia sinia, hakumwambia mtu. Mkono uliokuwa umefika kwenye sinia ukarudi.

"Haya," Edina akasema taratibu. "Nimelima mwenyewe, nimevuna mwenyewe, nimekaanga mwenyewe. Leo naambiwa nimekuja kuiua jumuiya."

Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Niliona kile ninachokijua, watu wanajiandaa kusema juu ya mwanangu wakishatoka getini. Nikaona niwahi. Nikapinda shingo, nikatazama ukuta, nikatoa ile sauti ya Zubeda ya puani: "Viti ni tisa. Makochi ni mawili. Mmoja wenu ana ukungu." Nikaongeza, "Msimjali jamani, Meza ya Kona imehamia hapa kwetu Mkonze."

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Edina ndiye aliyezidi.

"Kumbe Zubeda tunaye siku zote," alisema akijifuta machozi. "Mama Ruthu, na Frenki wake mbona hatumwoni? Au naye amenusa akakimbia?"

Hapo walicheka mara ya pili, na mimi nikacheka nao. Ruthu alirudisha punje kwenye sinia, akaenda kunawa. Jioni watoto bombani walikuwa wanamwita Zubeda. Jumatatu wakawa vijana wa bodaboda. Jumanne Wapangaji wa Uani ilipoanza nilimwita, akajibu kutoka chumbani kwake kwamba amechoka. Nilikasirika. Nilijiambia mtu mzima gani huyu asiyejua mzaha, mbona kwa Ernest anauweza.

Ernest ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, Mnyamwezi, na sisi ni Wagogo, kwa hiyo ni watani. Akimwona Ruthu humwambia, "Mgogo, kwenu kukavu hivyo, mvua ikikunyeshea si utauliza ni ya nani." Na Ruthu huyu huyu, asiyemtazama mtu usoni, humjibu papo hapo: "Umezoea kubeba mizigo ya watu, beba na huo mdomo wako." Wote wawili hucheka. Nimewaona mara nyingi.

Basi usiku ule wa Alhamisi, nilipokuwa nimefungua na kufunga geti mara sijui ngapi, Ernest akatoka kwake na tochi.

"Mama Ruthu, hilo geti limekukosea nini?"

"Ruthu hajarudi. Simu haipatikani, na namba ya Mwanasha sina."

Akazima tochi. Hakutania. Alikaa kwenye kizingiti akaanza kupiga simu kwa watu wake wa Majengo, nami nikaleta ungo na zile karanga za Edina zilizobaki, nizichambue, mikono ipate la kufanya. Chini ya taa niliziona. Moja ya kijani pembeni, nyingine nyeusi moyoni, nyingine ina utandu kama wa buibui. Nilipasua kumi, sita zikawa hivyo. Nikazibeba zote nikazitupa chooni, na niliporudi nilishindwa kukaa.

Saa nne ikaingia simu ya Mwanasha.

"Mama Ruthu, samahani kwa saa hizi. Ruthu yuko kwangu, mzima. Tangu jana alinilipa chumba kimoja cha uani, nikadhani umeshajua. Leo nimemuuliza kama umefika kukiona, ndipo akaniambia hujui. Simu amezima mwenyewe."

"Mpe niongee naye."

"Amefunga mlango, dada. Asubuhi njoo."

Nilikaa chini. Niliyekuwa nikimwogopea barabarani kumbe ameikimbia nyumba yangu. Nikamgeukia Ernest.

"Kesho uende ukamchukue. Wewe anakusikiliza. Mwambie ulikuwa utani tu."

Ernest akatikisa kichwa. "Utani wa nani?"

"Si wa kwangu? Wewe unamwambia makubwa kuliko yale."

"Mimi namwambia, na yeye ananirudishia. Ndiyo kazi ya mtani, na siku ya msiba nitakuja kubeba jeneza." Alisimama. "Wewe ni mama yake. Ulitaka akujibu nini? Amtukane mama yake mbele ya jumuiya?"

Alinitakia usiku mwema, akaenda zake, akaniacha na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Asubuhi nilichukua bajaji mpaka Majengo. Mwanasha alikuwa ameshafungua ghala, wapagazi wakishusha alizeti. Alinionyesha uani kwa kidole, milango minne, wa tatu wa buluu.

"Anaanza kazi saa mbili," alisema. "Mimi mlango wa mtu simgongei mwingine. Gonga mwenyewe."

Nikagonga. "Hodi."

Nikagonga tena.

"Hodi, Ruthu. Ni mama."

"Shikamoo, mama." Sauti ilikuwa karibu, kama yuko nyuma ya mlango.

"Marahaba. Fungua."

"Hapana."

Mama mmoja aliyekuwa anafua alijifanya hasikii. Nilisogea mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Umekula?"

"Nimekula. Chai na maandazi mawili."

"Zile karanga nimezitupa. Zilikuwa na ukungu."

"Nilisema."

"Ulisema, mwanangu."

Nilitegemea hilo lingetosha. Ningesikia komeo, tungefunga mizigo yake, na kabla ya jua kuwa kali tungekuwa bajajini. Akasema, "Mama, mimi siyo Zubeda."

"Najua."

"Hujui. Zubeda anaandikiwa cha kusema. Frenki naye anaandikiwa cha kumtetea. Wakimaliza wanakwenda kula pamoja. Mimi nilikwenda bombani."

Kwetu mzazi hamwombi radhi mwanawe. Humpikia. Humchinjia kuku, akamwekea paja, na wote wawili wakajua. Nilitafuta pa kuyapitisha maneno yasitoke kama yalivyo, sikupata, na yule mama aliacha kabisa kufua.

"Niliona wanakaribia kukucheka," nikasema. "Nikaona nikianza mimi watacheka kidogo. Na watacheka nami, hawatanicheka mimi."

"Hawakucheka kidogo."

"Hawakucheka kidogo. Nisamehe, Ruthu."

Nilisikia akipumua.

"Mimi umeniambia," alisema. "Wao umewaambia?"

"Wao nani?"

"Waliokuwepo. Walikuwa kumi na mmoja. Uwaambie karanga zilikuwa mbovu, na jina hilo ulinipa wewe, na umelifuta."

"Ruthu, kesho jumuiya iko kwa Edina. Kwake! Nikasimame kwa mwenye karanga niseme karanga zake mbovu?"

"Ndiyo."

"Na mama Angelina, naye alikuwepo, amekwenda Kongwa msibani."

"Kongwa kuna mabasi."

Nilipiga mlango kwa kiganja. Si kwa nguvu, lakini nilipiga. Miaka ishirini na sita nimeomba radhi kwa walimu, kwa wenye maduka, kwa majirani, kwa ajili yake. Leo ananituma nikaombe kwa ajili yangu, nyumbani kwa Edina, mbele ya watu watakaotoka pale wakaniweke mimi mdomoni.

"Nitawaambia," nikasema. "Nimeahidi. Sasa fungua nikuone tu."

"Nikifungua leo hutawaambia."

"Mimi ni mama yako, Ruthu."

"Ndiyo. Ndiyo maana najua."

Nilitaka kumkatalia. Nilijiona kabisa: nimemrudisha nyumbani, nimempikia, na kesho kwa Edina nimekaa kochini nimeshika kikombe, nikisema Ruthu hajambo, ni hasira za mtoto tu, zimekwisha. Nilijiona hivyo wazi mpaka nikaona aibu mbele ya mbao.

Kule mbele Mwanasha aliita kwamba lori la mtama limefika. Ndani nikasikia ndoo ikisogezwa, maji yakimiminwa, Ruthu akinawa.

"Hodi," nikasema tena, sijui kwa nini.

"Karibu Jumapili, mama," akasema, na mlango ukabaki umefungwa.