Saa Nne Iliyotoka Uganda

Katika maisha yangu yote kabla ya kuoa niliwahi kufika mapema mara moja tu, na siku hiyo karibu nikose bibi.

Kuchelewa kwangu hakukuwa kosa langu peke yangu. Nilikuwa nafanya kazi katika duka la misumari na mabati katikati ya Goma, na patron wetu alikuwa na saa ya ukutani ambayo hakuna ingine kama hiyo chini ya jua. Asubuyi ilikimbia kama mbuzi aliyeona kisu. Ukifika saa mbili kamili, patron anakuonyesha mushale: saa mbili na robo, umechelewa, papa! Mchana usingizi unaishika. Saa kumi ya kufunga tuliingoja mpaka wengine wetu wakaota mvi. Simu zetu alikuwa anazikusanya asubuyi na kuzifungia ndani ya meza yake, ati tusisumbuliwe. Tulijua kwamba anapanda juu ya kiti na kuisukuma mishale kwa kidole. Lakini nani angesema? Anayelipa mushahara ndiye mwenye saa.

Basi, masomo yangu ya jioni yalianza saa kumi na moja kamili, na aliyeshika funguo za mulango alikuwa mwalimu wa jiografia, muzee mumoja wa upande wa Bukavu. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya kwa ule mukunjo. Saa kumi na moja ikigonga, anafunga. Mimi ninafika nikihema, viatu vimejaa vumbi nyeusi ya volkano, ninakuta jicho lake katika tundu la mulango.

"Kijana, somo liko ndani. Weye uko inje."

Ninabaki pale, sikio kwenye bati la mulango. Nusu ya dunia niliisomea hivyo. Amerika ya Kusini yote niliisikilizia inje, na mvua ikininyeshea kuanzia Peru mpaka Arjentina.

Lakini kuchelewa nako kuna baraka yake. Binti wa mwalimu alikuwa anamuletea baba yake chai ndani ya termosi, na kila siku alimukuta kijana yuleyule amesimama kwenye bati. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinipa kikombe. Baada ya miaka mitatu nilikuwa na diplome mukononi, na yeye alikuwa moyoni. Kama ningekuwa mutu wa kuwahi, tusingefahamiana.

Nilipoenda kujitambulisha, muzee alitazama kwanza saa, halafu mimi.

"Lete wakubwa wako. Jumamosi, saa nne ya asubuyi. Ikifika saa nne na dakika moja, ninafunga. Na safari hii hakuna kusikilizia inje."

Kwetu, wageni wakichelewa kwenye mahari wanakatwa amande, ni kusema faini: kreti ya soda, au hata mbuzi. Yeye hakutaka mbuzi. Alitaka dakika. Na binti yake aliniambia waziwazi: "Papa hasemi mara mbili. Mukikuta amefunga, mimi nitalia, lakini mulango hautafunguka."

Mukubwa wangu alikuwa baba mukubwa, ndugu ya marehemu baba yangu, mufanyabiashara wa Butembo, muji wa watu wasiokaa bure, anayeuza kahawa na maharagi. Ni mutu ambaye akilala anaona haya. Barabara ya moja kwa moja haikuwa ya kuaminika siku zile, kwa hiyo alizunguka na ndugu zetu wanne kupitia Uganda, wakaingilia mupaka wa Bunagana, wakafika kwangu Ndosho Ijumaa jioni. Nilimueleza habari ya mulango. Akanyoosha mukono wenye saa kubwa kama kifuniko cha sufuria.

"Hii saa haijadanganya mutu tangu niinunue. Kesho hakuna kutazama simu. Tunafuata hii."

Umeme haukuwepo tangu juzi yake, simu yangu ilikuwa imekufa. Nilimushukuru Mungu kwa ile saa.

Asubuyi, tukiwa tunavaa, kengele ya misa ya saa kumi na mbili ikalia. Baba mukubwa akatazama mukono wake, akatikisa kichwa.

"Saa moja tayari! Hapa Goma hata mapadiri wanachelewa. Sasa ninaelewa ulitoa wapi hii tabia."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kushinda wengine, mupumbavu mimi.

Tulipanda taksi-basi tuliyokodi, suti sita na harufu ya manukato ya kuua inzi mpaka ngambo ya ziwa. Saa nne kasoro dakika mbili, kwa saa ya baba mukubwa, tulikuwa mbele ya ukuta wa lupango la baba mukwe, pembeni ya Himbi. Nikagonga.

Mulango ulifunguliwa na muzee mwenyewe. Ee mama wee! Alikuwa na singileti na kitenge cha bibi yake kiunoni, shavu moja limenyolewa, lingine limejaa povu. Nyuma yake niliona mama mukwe akimukimbiza kuku, na mchumba wangu nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama zinaita musaada.

"Tumefika," baba mukubwa akasema kwa kiburi. "Saa nne kamili."

"Saa nne ya wapi?" muzee akauliza. "Ni saa tatu!"

"Aka! Saa yako iko mugonjwa, mukwe."

Muzee akaingia ndani na kurudi amebeba saa ya ukutani kifuani kama mutoto. Saa tatu. Akatazama saa ya baba mukubwa. Saa nne. Halafu akauliza polepole, kwa ile sauti ya mutihani:

"Mulipitia wapi?"

"Uganda. Kule niliilinganisha hii saa na ya dereva, basi lisituache."

Akanigeukia. Povu lilikuwa linamudondokea kifuani.

"Kijana. Uganda na Goma, jua linaonekana wapi mbele?"

"Uganda, mwalimu. Saa yao iko mbele ya yetu, saa nzima."

"Nilikupa ngapi kwa lile somo?"

"Tisa juu ya kumi."

"Zote tisa nilikuongezea bure," akasema, na akafunga mulango. "Saa nne!"

Tukabaki inje. Baba mukubwa aliiva kama pilipili.

"Mimi, na mvi hizi, nifungiwe kama muuza karanga? Twende. Hata Butembo kuna mabinti, na milango iko wazi."

Alikuwa ameshashika mulango wa taksi-basi. Nilitaka kumushika mukono, sikuthubutu. Hapo kichwa cha nywele nusu kikatokea juu ya ukuta wa mawe meusi.

"Jambo baba. Unisamehe kuniona hivi. Huyu mutoto wako amechelewa miaka mitatu. Leo njo siku ya kwanza amewahi. Usimurudishe, muniache nimuone akiwahi mpaka mwisho."

Kisha akapitisha beseni mbili za ndizi za kupika. "Na mama anasema hizi hazijimenyi."

Baba mukubwa alitazama beseni. Alitazama saa yake. Niliona anavyoteseka: saa nzima imelala pale bure, na yeye ni mutu wa Butembo. Akaanza kucheka mpaka tumbo likatikisika. Akavua koti, akatoa kisu kidogo mufukoni, akakaa juu ya jiwe.

"Leteni. Lakini musiambie mutu kwetu."

Tulimenya ndizi, suti sita, za kushibisha jeshi na bado zikabaki.

Saa nne kamili mulango ukafunguka. Muzee alikuwa na suti, mikunjo ya suruali imesimama, mashavu yote mawili yanaangaza. Akaona maganda, akaona beseni.

"Karibuni. Mumefika kwa saa yake."

Baba mukubwa hakusimama. Aliinua mukono. "Kwangu ni saa tano. Mukwe, umetuchelewesha saa nzima. Amande!"

Muzee ambaye hakuwahi kuchelewa tangu abatizwe alitazama ile saa, akatazama mikono ya baba mukubwa iliyochafuka utomvu, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kreti ya soda aliibeba yeye mwenyewe.

Siku ya arusi baba mukwe alitupatia ile saa yake ya ukutani. Bibi yangu aliiweka mbele saa nzima, kwa makusudi, na mpaka leo iko hivyo. Mimi ninajua. Miguu yangu haijui: kila asubuyi inakimbia.

Hivi nimekuwa wa kwanza kufika kazini, mpaka patron akanipa funguo za duka. Ninapanda juu ya kile kiti chake, ninarudisha mishale fasi yake, ninashuka, ninafagia. Siku moja alisimama chini ya ile saa, akilinganisha na simu yake.

"Hii saa imepona?"

"Imepona, patron."

Alinitazama, akatazama alama ya kiatu changu juu ya kiti, akarudisha simu yake mufukoni. Siku hiyo saa kumi ilifika saa kumi. Nilirudi nyumbani jua lingali juu ya ziwa, na bibi yangu akatoka mbio inje, mikono kichwani, akiuliza kama nimefukuzwa kazi.