Mzee wa Kanisa na Safari ya Mvinyo

Nilikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini mpaka magoti yakagoma. Mvinyo nimeufungua, nimeumimina, nimewaeleza wageni huu una ladha ya tunda gani, nao wananisikiliza utadhani nimeukamua mwenyewe. Kwenye meza zile sikuwahi kuketi hata siku moja. Kwa hivyo nilipostaafu na binti yetu akasema atatukatia tiketi twende tunakotaka, sikuzungusha maneno. Nilitaka Stellenbosch, kule Afrika Kusini kwenye mashamba ya mizabibu, niketi, nimiminiwe. Na nilitaka kuketi na mume wangu.

Shida ni kwamba mume wangu ni mzee wa kanisa hapa mtaani Huruma, na kanisa letu pombe haligusi hata kwa kijiti.

"Si lazima unywe, baba," nikamwambia. "Wageni huonja, kisha wanatema."

Akaweka kikombe chini. "Wanatema? Mbele ya mwenyeji?"

"Kuna ndoo yake."

"Kwetu ukitema uji wa watu, boma hilo huitwi tena."

Safari alizozijua yeye ni za kwenda nyumbani, magharibi, Disemba au kukiwa na msiba. Alikuwa ameshaniuliza kama wenye mashamba hayo tuwabebee sukari au majani ya chai. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Lakini akaanza kulegea. Alitazama picha za ile milima kwenye simu yangu, akauliza kama Julai kuna baridi, akaenda soko la Gikomba akarudi na sweta. Tukachagua mashamba ya kutembelea. Jioni nilimfundisha kuzungusha glasi na kunusa, kwa juisi ya zabibu, naye akaimwagia sweta yake mpya.

Kilichotukwamisha ni maombi. Katika kanisa letu, anayesafiri mbali husimama Jumapili, akasema anakokwenda na anachokiendea, ndipo aombewe. Mume wangu hata kwenda nyumbani Kakamega hapandi gari bila maombi.

"Sema tunaenda kutembea tu," nikamwambia. "Si ni kweli?"

"Nusu ya kweli nitaipelekaje madhabahuni, mama?"

"Basi usiseme kitu."

"Basi siendi."

Weh, nilikasirika. Nikamwambia abaki na uzee wake wa kanisa, mimi nitaenda peke yangu. Mdomo ndio uliosema hivyo. Moyoni nilijua bila yeye siendi popote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wiki nzima tukawa tunaongea habari za gesi na maji tu.

Jumapili mchungaji akaita wasafiri. Mume wangu akasimama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nampeleka mke wangu Afrika Kusini," akasema, "akaonje mvinyo."

Kanisa zima likageuka kunitazama.

"Mimi sinywi, mnanijua. Lakini huyu amewasimamia watu mezani maisha yake yote, na mimi na watoto tumekula kwa jasho lake. Nataka nimwone ameketi. Mkiona sifai tena uzee, nitauacha. Ila tuombeeni safari njema."

Mchungaji akasafisha koo. Akatutazama, kisha akasema tusogee mbele, sote wawili.

Mume wangu akanishika mkono. Kanisani hakuwa amenishika mkono tangu siku ya harusi yetu.