Mbuzi wa Kuombea Shamba la Thagana

Nelius hakuwa mwanamke wa kubembelezwa. Tangu aolewe na Ndwiga huko Mbeere, chini ya Embu, mashemeji zake walijua kwamba ukimlazimisha jambo asilolitaka umejitafutia balaa. Lakini miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilimkalia vibaya hata yeye. Askari walimchukua Ndwiga pamoja na karibu wanaume wote wa ukoo, wakawapeleka kizuizini. Wake, watoto na wazee wakasukumwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, wakawa wanafunguliwa lango saa chache tu kwenda kulima. Mawele shambani yakaliwa na ndege, njaa ikaingia.

Ndipo chifu alipomleta mhandisi wa kizungu. Chifu mwenyewe alikuwa mtu ambaye tumbo lilimtangulia kila aendako. Akatangaza kwamba mto Thagana utazibwa, utoe umeme wa kupelekwa Nairobi, na mashamba ya ukoo kando ya mto yatazama. Kisha akaamuru mbuzi achinjwe.

Mhandisi alidhani ni karamu tu. Chifu alijua vizuri sana kwamba sivyo. Katika ukoo ule, anayeomba ardhi huleta mbuzi, na wenye ardhi wakila wamekubali. Akishakula mtu mmoja wa ukoo, awe mzee au mtoto, hakuna tena wa kugeuka. Ndiyo maana bwana huyo alingoja mpaka watu wakonde. Roho ya fisi!

Nyama ikaletwa kwenye majani ya mgomba, ikinukia mpaka watu wakameza mate. Jani la kwanza aliwekewa mzee Nyamu, baba yake Ndwiga, mwanamume pekee wa baraza la ukoo aliyebaki kijijini. Mzee aliitazama nyama. Mkono ukasogea, ukarudi, ukasogea tena.

Nelius alikuwa amesimama mbali kidogo, pamoja na wanawake wenzake, kama ilivyompasa mbele ya mkwe. Akahisi mgongoni Mbae, mtoto wake wa miaka mitatu, anahangaika. Kugeuka hivi, akamwona homugadi mmoja, askari wa chifu wa kulinda kijiji, anaondoka kwa haraka, na mtoto amekwisha kutia kipande cha nyama mdomoni.

Alimshusha palepale, akamtia kidole kinywani, akaitoa nyama kabla hajaimeza. Mbae akapiga yowe. Nelius akaitupa ile nyama miguuni pa chifu, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila aibu yoyote.

"We mama, una wazimu?" chifu akafoka. "Unamnyima mtoto chakula?"

"Nimemnyima kipande kimoja," alisema Nelius. "Wewe unataka kumnyima shamba lote."

Mzee Nyamu akalisukuma jani kando. Hakumtazama mkaza mwanawe, maana mila haikuruhusu, lakini aliinuka na kusimama upande aliokuwa amesimama yeye.

"Ardhi si yangu peke yangu," alimwambia chifu. "Warudisheni vijana wetu. Tukiketi sote, pengine tutakubali, pengine tutakataa. Leo mbuzi wako mleni wenyewe."

Mhandisi akauliza kwa nini watu hawali. Chifu akaeleza, shingo upande. Alipomaliza, mzungu aliinua begi lake, akaelekea kwenye gari.

Chifu hakuwa mtu wa kusamehe. Kuanzia kesho yake lango lilifungwa kutwa kucha, mpaka ukoo utakapokubali kula. Mbae alilia njaa, na kila alipolia Nelius aliona uchungu kama anachanjwa kwa wembe. Alichemsha magugu aliyong'oa ukingoni mwa handaki, akamlisha mtoto, yeye mwenyewe akanywa maji yaliyochemshiwa.

Baada ya juma moja chifu alikuja langoni na mbuzi mwingine, mnono kuliko yule wa kwanza. Nelius alimtazama mbuzi, akamtazama mwanawe aliyekuwa mbavu tupu.

"Huyo mfungeni kamba, asichinjwe," alisema. "Mwenye shamba hajarudi."