Majivu ya Jirani

Hita ya umeme katika nyumba hii ya Great Barr, huku ughaibuni, ilipowashwa, ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Binti yangu, anayetaka tuhamie hapa, alikuwa akimuuliza dalali moto huu unakula pesa ngapi kwa mwezi. Mimi, kwa mawazo, nilikuwa nimeshafika kwa mama yangu, utotoni.

Tulikuwa tunahamia mlimani, kwenye baridi. Baba aliisifu nyumba: mabati mapya, vyumba viwili. Mama, mtoto mchanga mgongoni, hakuingia. Alizunguka nyuma kwa jirani, mimi nimeshika leso yake, akachota majivu yao na kuyasugua kwa vidole. Yalikuwa na vipande vya magunzi na mavi ya ng'ombe.

"Hapa hakuna kuni, baba watoto. Huyu mdogo ataumwa na baridi."

Baba akacheka. "Wenzako hukagua paa, wewe unakagua jalala!"

"Paa halichemshi uji."

Tukahamia. Mvua ilipokolea magunzi yakaisha, na gunia la makaa likawa bei ya mbuzi. Mtoto akaanza kukohoa. Asubuhi moja mama alitoa nje kinu chake, alichopewa na nyanya siku ya kuolewa, akamkabidhi baba shoka. Baba alikipasua bila kumtazama.

Kinu kiliwaka siku tatu. Siku ya nne mchi ulikuwa bado umeegemea ukuta, mzima. Mama hakuuchoma. Hakukuwa tena na mtoto wa kupashwa joto.